Chumba Ambacho Mpango Wangu Haukukipata

Ukurasa wa nne wa fomu ulikuwa na swali moja tu: una ushahidi gani kwamba watu watakuja? Chini yake waliacha nafasi kubwa ya kujibu. Nilikaa na nafasi ile wiki mbili.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimefanya mazoezi ya ushauri nasaha chini ya msimamizi, nimepata kibali cha kazi, kisha nimerudi kwa mama, kijijini Mwabungo. Fomu ilikuwa ya mradi mmoja wa vijana uliokuwa ukitoa chumba Ukunda, bila kodi kwa mwaka mzima, kwa atakayeleta mpango bora wa biashara. Nilikitaka chumba kile kwa namna iliyonitia hofu. Nisipokipata, binamu yangu alikuwa ameniwekea nafasi Nairobi, kazi ya kupokea malalamiko ya wateja kwa simu, naye alingoja jibu.

"Watu wakulipe ili wakae waseme?" mama aliniuliza. "Hapa kusema ni bure."

"Kusema ni bure, mama. Wanacholipia ni kunyamaza kwangu."

"Basi hutauza kitu. Tangu nikuzae hujanyamaza."

Nilicheka, lakini nilikwenda kulala na neno hilo. Chuoni nilikuwa nikibishana na wahadhiri hadi wenzangu wakaguna. Sikuamini nusu ya nadharia tulizofundishwa, na ile nusu niliyoiamini sikuwa na hakika kama ingevuka kivuko cha Likoni kuja huku kwetu. Watu wetu wana sala, wana ustadhi wa kuwasomea, na wengine wana mganga wasiyemtaja. Mimi nilikuwa na nini? Viti viwili na kibali.

Ili kujaza nafasi ile nilitunga hojaji, nikazunguka nayo kuanzia Mwabungo hadi Bongwe. Nilifanya kama nilivyolelewa. Nilipiga hodi, nikaamkia, nikauliza hali ya nyumbani, watoto, wazee, na kila mtu akanijibu njema, alhamdulillahi. Hapo ndipo nilipotoa karatasi na kuuliza kama mwezi uliopita mtu alikosa usingizi, au alilia bila kujua sababu, au aliona maisha hayana maana.

Mtu aliyekwisha kusema mbele ya Mungu na mbele ya majirani wawili wanaochambua mchele kwamba hana neno, ageuke vipi na kusema analo? Kule Bongwe, baba mmoja alinikaribisha chai. Mikono yake ilitetemeka hata chai ikamwagikia mkeka. "Andika salama, mwanangu," aliniambia, nami nikaandika. Karatasi zote zilirudi zikisema watu wa pwani hii ni wazima kabisa. Mgeni angesamehewa kwa kosa hilo la kuuliza baada ya salamu. Mimi nilizaliwa huku, na siku zile zile nilikuwa silali vizuri, na kila aliyeniuliza hali nilimjibu salama.

Siku mbili kabla ya kwenda kuutetea mpango wangu, mwanamke mmoja niliyekuwa nimemhoji alikuja kwetu kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Niseme alikuwa muuza samaki wa kukaanga. Hakuwa, lakini niseme hivyo. Mama alimpa mbuzi, akaingia jikoni akininong'oneza, "Kwake anazo mbili."

Yule mwanamke hakuondoka. Alikaa ukingoni mwa kiti, mbuzi mapajani.

"Ile karatasi yako," alisema, "mtu akijibu vingine, inakwenda wapi?"

"Inabaki kwangu."

"Mama yako haisomi?"

"Haisomi."

"Na ukiolewa? Mumeo?"

"Hata yeye hataiona."

"Na mkigombana, ukarudi kwenu na hasira zako?"

Nilitaka kutabasamu, kisha nikaona hatanii. Kitabu cha maadili ya kazi nilikisoma chote na sikulikuta swali hilo. Nilimwambia kwamba nikigombana na mume nitayasema ya mume tu. Akavuta kiti ndani, mbali na dirisha, akaniambia alichokuja kuniambia. Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Alipoinuka aliuliza kama anaweza kuja tena Alhamisi ya wiki ifuatayo.

Aliyonieleza sitayaandika hapa.

Baada ya kuondoka nilifungua fomu kwenye ukurasa wa nne. Ushahidi niliokuwa nikiutafuta ulikuwa umekaa kwenye kiti chetu. Niliandika mistari mitatu, bila jina, bila kazi, bila mtaa. Niliisoma kama angeisoma mtu wa Mwabungo, nikaona sura yake imejitokeza waziwazi. Nikaifuta yote.

Kikao kilifanyika katika ofisi moja Matuga. Walikuwa watatu: mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima aliyeolewa kijijini kwetu; mzee aliyeandika bila kuinua kichwa; na kijana kutoka bara aliyekuwa na kompyuta. Nilimwamkia mwenyekiti, akaitikia marahaba, akafunua karatasi zangu taratibu.

"Hapa watu wote ni wazima," alisema. "Sasa binti yangu, wewe utamtibu nani?"

Nilieleza kosa la hojaji, jinsi salamu ilivyofunga mlango kabla sijaingia. Mzee aliguna. Kijana alisema, "Hiyo ni theory. Hauna hata client mmoja?"

"Yupo mmoja."

Mwenyekiti aliegemea mbele. "Haya, tueleze. Jina kaa nalo. Kisa tu."

Alikuwa akitaka kunisaidia, nililiona hilo usoni mwake. Nilifikiria chumba kile, na simu za malalamiko kule Nairobi. Nilifikiria pia kwamba mama huyu anajua kila mlango wa Mwabungo, na kisa kisicho na jina kingelipata jina kabla hajafika nyumbani kwake.

"Siwezi, mama."

"Hata kidogo?"

"Kwa kijiji chetu, kidogo ni kizima."

"Si utupatie tu story, hakuna mtu atajua," kijana alisema.

Mwenyekiti alifunga faili, akasema watanipigia.

Walipiga baada ya siku tatu. Chumba kilikwenda kwa kijana wa kutengeneza simu. Mpango wangu, walisema kwa upole, haukuonyesha wateja. Nilijiuliza, na hata leo najiuliza, kama nilinyamaza kwa ajili ya yule mwanamke au kwa kuogopa kupewa chumba halafu nikae humo peke yangu. Binamu alipiga jioni ile, nikamwomba anivumilie hadi mwisho wa mwezi. Alisema nafasi haitangoja hivyo. Nikamwambia basi ampe mwingine.

Alhamisi mwanamke yule alikuja. Sikuwa na chumba ila cha mama, chenye kitanda na cherehani. Mama hakuuliza kitu. Alichukua ungo wake, akatoka akakaa barazani, akaurudisha mlango. Punde nikasikia hodi, sauti ya jirani, na mama akijibu kwamba mimi sipo, nimekwenda Ukunda, na kwamba ndani hakuna mtu.

Mgeni wangu alikaza macho mlangoni. Nami nilitega sikio. Nyayo za jirani zilikwenda hatua chache, zikasimama. Mama alianza kumwuliza hali ya watoto wake, mmoja mmoja, kwa sauti ya juu, akimsindikiza hadi barabarani. Nyayo zao zilipopotea kabisa nilimgeukia mwanamke yule.

"Endelea," nilimwambia, nikiwa sijui kama mama angeweza kufanya hivyo kila Alhamisi.