Maji ya Kusuuzia

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumatatu, mwanangu, nimesimama mbele ya sinki la maabara ya udongo nikiwa na chupa ya kioo mkononi, na nyuma yangu chumba kizima kikinitazama ninavyoosha. Nilikuwa bado kijana, katika muda wa majaribio, na ndani ya wiki chache chuo kikuu kingeamua kama kinanithibitisha kazini au kinanirudisha kwetu Mkunya. Kwa kuwa nawe umeajiriwa pale pale, nitakueleza polepole ilivyokuwa. Haraka haraka haina baraka, na jambo lenyewe linataka mpangilio.

Kwanza ukijue chuo chenyewe. Usije ukadhani chuo kikuu ni maprofesa na wanafunzi tu. Ni mji. Kuna wanaokata nyasi, wanaotunza mitambo ya umeme, wanaopanga vitabu, wanaolisha ng'ombe wa majaribio. Niliingia na cheti changu cha kidato cha nne, nikapewa koti jeupe na kazi ya kuosha vyombo vya maabara, na hadi leo naiheshimu siku ile. Jioni nilikwenda maktaba nikasoma kemia kwa mpangilio wangu mwenyewe, sura baada ya sura, na hakuna aliyewahi kuniuliza mtu wa sinki anatafuta nini pale. Mahali ambapo kila mlango una mtu anayejua jambo, na ukibisha anafungua, ni mahali pa kumshukuru Mungu.

Mkuu wa maabara yetu alikuwa fundi sanifu, mama mmoja wa Kilimanjaro tuliyemwita Mama Neema. Kwao maji hupita kwenye mfereji karibu na mlango, mchana na usiku, yakiimba. Nakuomba ulikumbuke hilo. Siku yangu ya kwanza alinionyesha kazi: unaosha kwa sabuni, unasuuza kila chombo peke yake chini ya bomba lililo wazi, mara kadhaa, kisha unamalizia kwa maji yaliyokenekwa, yaani yale yanayopatikana kwa kuchemsha maji na kuupoza mvuke wake. Nikatazama maji yale yakikimbilia kwenye bomba la taka, na moyo ukaniuma kama nimeona mtu anachoma unga.

Wewe umezaliwa wakati mabomba yamekwishapanda hadi kwetu, ingawa yana siku zake za kukohoa upepo. Sisi tuliona mama zetu wakiteremka bondeni alfajiri na kupanda mteremko na ndoo kichwani, jua likiwa limekwishawaka. Nyumba yenye kisima cha kuvunia maji ya paa ilikuwa nyumba ya kuoa. Kwetu maji ya kuoshea mchele walikunywa mbuzi, na ya kunawia yalikwenda kwenye mpapai. Mama akisema, "Maji hayamwagwi, yanahamishwa."

Basi Mama Neema alipokwenda likizo, nikaosha kama nilivyolelewa. Nilijaza karai moja maji ya kusuuzia, nikachovya humo chombo kimoja baada ya kingine tangu asubuhi hadi jioni, kisha maji yale yale nikapigia deki. Nilijiona mtumishi mwema kuliko wote, na mwenye akili kidogo kumshinda mkuu wangu.

Wakati huo kulikuwa na mwanafunzi wa shahada ya pili, Zawadi, msichana wa utani mwingi, aliyekuwa akipima udongo wa mashamba ya korosho ya huku kwetu, Mkunya na Chilangala. Alitafuta fosforasi, chakula cha mmea ambacho mchanga wetu wa uwandani haunacho kwa wingi. Majibu yakatoka mazuri ajabu. Kila shamba lilisoma fosforasi tele. Mhadhiri wake alifurahi, na ikapangwa kwamba Zawadi aende kuwasomea wakulima majibu yao, wajue ardhi yao haijapungukiwa kitu.

Mama Neema akarudi likizo. Akaitazama ile karatasi, akaizungusha, akaitazama tena.

"Zawadi, ulipima chupa tupu?"

Chupa tupu ni ile inayopitishwa hatua zote za kipimo bila kutiwa udongo. Kwa kuwa haina udongo, haipaswi kusoma kitu.

"Nilipima, Mama Neema. Mwanzoni kabisa, kabla kaka Saidi hajaajiriwa."

"Pima sasa hivi, nami niko hapa."

Akapima. Chupa isiyo na chembe ya udongo ikasoma fosforasi. Zawadi akaketi juu ya boksi. Mama Neema akanigeukia bila kupandisha sauti. "Saidi, mwanangu, hebu nionyeshe unavyoosha."

Ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo. Nikajaza karai langu, nikachovya chupa, nikaitoa, nikachovya nyingine. Zawadi akashika kichwa.

"Kaka Saidi! Hayo si maji, hiyo ni supu ya sabuni!"

Sabuni ile ilikuwa na fosforasi ndani yake, na kila chombo nilichokitoa karaini kilibeba kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Udongo maskini wa mashamba ya wajomba zangu ulikuwa umetajirika kwenye sinki langu.

"Nani kakufundisha kusuuza hivi?" Mama Neema akauliza.

"Mama yangu."

Hakucheka wala hakukasirika. Alivua glavu, akanawa, akaniambia nimfuate kwa mhadhiri. Njiani nilihesabu nguo zangu zitaingia kwenye mfuko gani wa safari.

Mhadhiri alisikiliza, uso ukibadilika. "Nani alifanya hivyo?"

"Maabara," akajibu Mama Neema. "Na mkuu wa maabara ni mimi. Majibu yale yasiende kwa wakulima. Tutarudia yote, na pale udongo ulipokwisha tutaufuata kule kule."

"Mama Neema, nimeuliza nani."

"Nami nimejibu, Daktari."

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, sijakutana na sentensi iliyonyooka kama ile. Mimi mwenyewe nikapata nguvu ya kufungua mdomo: "Ni mimi niliyeosha, Daktari." Akasema, "Nendeni mkachukue udongo. Habari ya kuthibitishwa kwako tutaizungumza mkirudi, nitamsikiliza mkuu wako." Basi nikajua kazi yangu imo mdomoni mwa mama yule.

Tukasafiri sisi watatu na dereva. Tulipita Masasi, tukakata kuelekea Newala, gari likapanda ukingo wa uwanda wetu wa juu kwa gia ya chini, na vumbi jekundu likaingia hadi kwenye meno. Mikorosho ilikuwa katika maua, mashamba yakinuka salfa iliyopulizwa kuzuia ukungu. Tukachimba siku nzima. Jioni nikawapeleka nyumbani kwa mama yangu, maana kuleta wageni Mkunya na wasifike kwenu ni tusi lisilofutika.

"Shikamoo, Mama Saidi," akasema Zawadi.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Huyu ndiye yule Mama Neema, mkubwa wa Saidi kazini? Karibu, mama, karibu jamvini."

Mama akatunawisha, akimimina polepole, maji yakidondoka kwenye beseni. Zawadi, kwa adabu yake njema, akalichukua beseni na kuelekea nalo pembeni mwa ua.

"Weee! Unakwenda wapi na maji yangu?"

"Namwaga, mama."

"Anamwaga!" Mama akamgeukia Mama Neema. "Huyu mtoto kwao kuna mto?"

Tulicheka sote. Mama akalipokea beseni, akaliinamisha taratibu kwenye shina la mpapai, hadi tone la mwisho. "Maji hayamwagwi, binti. Yanahamishwa."

Mama Neema aliacha kucheka. Alitazama beseni, akatazama mpapai, kisha akanitazama mimi. "Kumbe," alisema.

Tulipokuwa tunakula, mama akauliza lile nililoliogopa. "Mama Neema, huyu mwanangu anafanya kazi vizuri?"

"Anaosha vyombo kama ulivyomfundisha."

"Alhamdulillahi. Basi hana shida."

Zawadi alipaliwa na ugali wa muhogo. Mimi nilitazama sahani yangu.

Kesho yake, tukisubiri dereva afunge mizigo, Mama Neema aliniita kando. Aliniambia maneno ambayo nayarudia kwako kama nilivyoyapokea. "Saidi, kuhifadhi maji si kosa. Mama yako amekufundisha vyema kuliko wengi. Lakini uliniona nasuuza chini ya bomba, ukasema moyoni, mama huyu mbadhirifu. Kweli au si kweli?"

"Kweli, Mama Neema."

"Ungenitamkia! Ungesema, kwa nini tunapoteza maji yote haya? Ningekujibu, na kazi ya Zawadi isingeharibika. Ukanyamaza kwa heshima, na heshima ya namna hiyo ni dharau iliyojifunika kanga." Akajigusa kifua. "Nami nilikuonyesha mikono, sikukuonyesha sababu. Hilo ni langu, na nitamwambia Daktari hivyo."

Akamwambia. Nikathibitishwa. Vipimo vilirudiwa kwa chupa tupu katika kila mkupuo, na udongo wetu ukasoma umaskini wake wa kweli. Zawadi alirudi akawaambia wakulima, hawakufurahi, lakini walijua la kufanya. Na juma lile lile Mama Neema aliagiza pipa, likawekwa nje ya dirisha, bomba la taka la sinki likaelekezwa humo. Kila chombo kikasuuzwa chini ya bomba kama kazi inavyotaka, na maji yakapigiwa deki chuo kizima. Ubavuni mwa pipa aliniambia niandike kwa rangi jina la kijiji changu. Pipa la Mkunya liko pale hadi leo, limetoboka na kuzibwa mara nyingi, na wanaoajiriwa sasa hudhani ni jina la kiwanda.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi naongeza kwamba aliyefunzwa na mamaye naye hana budi kufunzwa tena. Unakwenda chuoni na mafunzo ya nyumbani, usiyaonee haya. Ila usiyatumie kimyakimya mahali usipopaelewa. Ukiona jambo linakukera, uliza sababu yake kwa adabu, siku ile ile, kwa mtu mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Na siku utakapokuwa mkuu, ukamfundisha mtu kazi, mpe na sababu yake; akikosea, jina la kwanza kutajwa liwe lako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkuu wa kazi kama Mama Neema, kisha akufanye uwe hivyo kwa mwingine. Jasho lako lisimwagike bure, likahamie palipo na shina. Na ukipita nyuma ya maabara ya udongo, nigongee pipa lile.