Chini ya Mwarobaini Sifagii

Hapa Nyahanga, Kahama, mwanamke anapimwa kwa uwanja wake. Alfajiri unashika fagio, unafagia mpaka ardhi inabaki na mistari, jani hata moja lisionekane. Ukiacha majani, wewe mvivu, tena unakaribisha nyoka.

Ndivyo nilivyoviua vichaka vyangu vya kwanza. Nilivinunua Geita, kwa muuza miche wa barabarani. Aliniambia vinataka kivuli, ni vibichi mwaka mzima, na vile vijitunda vyekundu si vya kula, ni vya kutazama tu. Nikavipanda chini ya mwarobaini, nikavimwagilia maji ya kusuuzia vyombo, na kila asubuhi nikafagia mpaka mizizi ikatoka nje. Vikafa. Nikanunua vingine, na safari hii pale chini sikufagia tena. Majani ya mwarobaini yakafunika udongo, unyevu ukakaa. Kiangazi Kahama nzima imekauka, vyangu vinang'aa kwa wekundu. Weee! Nilikuwa napita pale makusudi tu nivione.

Basi mama mkwe akaja kutoka Didia. Shikamoo, marahaba, hata hajakaa, macho kwenye majani.

"Hapa hapafagiliwi?"

"Hapafagiliwi, Mama. Mizizi inataka majani."

"Na hivi vitunda vinaliwa?"

"Haviliwi."

Akacheka kwa dharau, akamgeukia mwanawe, mume wangu. "Lete panga. Kitu kisichozaa cha maana kinakaa nyumbani cha nini?"

Mimi sina mtoto. Wenzangu wote mtaani ni Mama Fulani. Mimi bado naitwa jina nililozaliwa nalo. Nilijua hasemi kichaka. Mume wangu naye alijua, maana aliinamisha kichwa. Lakini akaenda, akalileta panga. Hilo liliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Nikaingia katikati ya vichaka, nikasimama.

"Mama, nakuheshimu. Ila kama ni kung'oa, anza na mimi. Sema hapa, mbele ya mwanao, kwamba sina faida, nifunge khanga zangu niondoke. Usikisingizie kichaka!"

Mume wangu akanitazama, akamtazama mama yake.

"Mama, huyu ni mke wangu," akasema. "Mimi sikati." Akaliweka panga chini, miguuni pa mama yake.

Mama mkwe hakuliokota. Alisema jua kali, akaomba maji. Nikampelekea, nikapiga goti kama inavyopasa, na sikumwomba radhi.