Nyumba ya Étienne Kisiwani

Kwa miaka mingi Étienne Kabamba alichonga vitu vya bandia, na hakuna aliyemwita mwongo. Kazi yake katika kiwanda kimoja cha Likasi ilikuwa kuchonga gurudumu au bomba kwa mbao, ili wenzake wapige chapa ya umbo lake mchangani na kumimina chuma. Chuma kikishapoa, mbao ziliwekwa kando. Mwaka wa tisini na moja tanuri lilizimwa, na Étienne akarudi nyumbani na sanduku lake la vyombo, akawa anamtazama mkewe Marcelline akisonga bukari ambayo kila wiki ilizidi kupungua sahanini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaja Gaston, Mbelgiji mwenye kofia ya majani, aliyekuwa akitayarisha filamu. Filamu ilihusu kisiwa cha baharini kwenye nchi za joto, lakini wakubwa wake wa Brussels na wa Montréal walishindwa kukubaliana ni bahari ipi, basi yeye akachagua kisiwa kidogo katika ziwa karibu na Kapolowe. Étienne bahari hakuwahi kuiona. Alipoambiwa kwamba kisiwa hakina budi kuwa na minazi, aliuliza tu mnazi una kimo gani, kisha akaitengeneza: vigogo vya mabomba yaliyovikwa magunia, makuti ya matete. Wavuvi walikuwa wakipita wanacheka hadi wanasahau nyavu zao.

Kiangazi kizima walipanga. Gaston alizunguka kisiwa akichungulia jua kati ya vidole vyake, akaonyesha mahali pa jenereta, mahali pa jiko la watu sitini, na mahali pa choo cha nyota wa filamu, bibi mmoja ambaye, yasemekana, hakuweza kuchangia choo na mtu yeyote. Na juu ya mwinuko, ikitazama ufuko wa Kapolowe, alitaka nyumba.

"Mbele tu," Gaston alisema, kwa maana alizaliwa Katanga na lugha aliijua. "Kamera itaona mbele tu. Nyuma utaegemeza na miti, basi."

Étienne akajenga mbele tu: ukuta mmoja wa triplex, zile mbao nyembamba za kugandishwa kwa gundi, madirisha mawili, rangi nyeupe. Mlango peke yake ndio alioshindwa kuufanyia mzaha. Aliutengeneza kwa mbao ngumu, akautia bawaba na komeo, akaupaka buluu. Nyuma yake palikuwa na nguzo na nyasi.

Aliporudi Likasi, Marcelline alimwuliza, "Baba Daniella, umejenga nini kule?"

Aliona haya. Fundi wa miaka yote ile aseme amejenga ukuta mmoja?

"Nyumba," alisema. "Iko na chumba mbili. Bazungu bakimaliza filamu, itabakia yetu."

Mwezi uliofuata, katika masimulizi yake, nyumba ile ikapata jiko. Baadaye ikapata baraza. Marcelline alikuwa amekwisha kumchagulia binti yao Daniella chumba cha upande wa maji, na Étienne alikubali kwamba ndicho kizuri zaidi.

Kisha askari wakapora miji, na wazungu wakapanda ndege. Gaston alipita mara moja tu, injini ya gari ikiunguruma. "Étienne, chunga decor yetu, nyumba na minazi. Mvua ikiisha, tunarudia." Étienne akachunga. Mwaka mzima alikwenda kwa baiskeli, akavuka, akainua minazi iliyoanguka, akaegemeza ukuta upya na kuupaka chokaa upande wa mbele. Aliamini watarudi, na mimi simlaumu. Likasi ya mwaka ule haikuwa na kitu kingine cha kuamini.

Mwaka wa tisini na mbili wakaanza kufukuzwa Katanga watu wenye asili ya Kasai, jimbo la jirani. Étienne alizaliwa Likasi. Aliyetoka Kasai alikuwa baba yake, na Kasai yenyewe aliijua kama alivyoijua bahari. Vijana wa mtaa walichukua nyumba yao ya mjini, wakachukua na sanduku la vyombo. Maelfu walikuwa wamelala stesheni wakingoja treni isiyokuja, Étienne, mkewe na mtoto kati yao, na kila siku kulikuwa na mtu wa kuzika.

Marcelline hakuna aliyemfukuza, maana alikuwa mtu wa Kapolowe. Kaka yake Isidore, mkulima wa huko, akaja kuwachukua.

"Dada, weye na mutoto, mukuye kwangu," alisema, akiangalia miguu yake. "Lakini shemeji, apana. Batanichomea nyumba."

"Siwezi kumuacha pa gare kungoya treni," Marcelline akamjibu. "Tuko na nyumba yetu pa kisiwa. Utuvushe tu. Tutaikala batatu mpaka haya maneno inapita."

"Ile ya mulango ya bleu? Nilishaiona toka ng'ambo. Iko muzuri."

Étienne alifungua kinywa. Lakini uso wa mkewe ulikuwa umepata nuru kidogo, ya kwanza tangu wafukuzwe, akashindwa kuizima. Njia ya mwongo ni fupi. Yeye alitaka tu iwe ndefu kidogo zaidi.

Isidore aliazima mtumbwi. Daniella alikuwa na homa, amefunikwa kitenge, na alipoona ule mlango wa buluu aliinua kichwa na kucheka. Mawingu yalikuwa yameshuka. Marcelline alitangulia kupanda mwinuko na kifurushi cha unga mkononi, akafungua komeo, akausukuma mlango.

Ng'ambo ya kizingiti palikuwa na nguzo, nyasi, na ziwa upande wa pili.

"Chumba mbili," alisema polepole.

"Nitaitia mugongo. Unipe wiki moja."

"Na chombo gani? Triplex yenyewe inaoza. Mutoto iko na homa, na mvua ile inakuya." Hakupandisha sauti. Angepiga kelele, Étienne angepata nafuu. "Ju ya nini haukuniambia?"

"Nilisikia haya."

 Marcelline akamnyoosha kola ya shati, akamwekea unga mikononi, akashuka hadi mtumbwini, alikobaki Isidore na mtoto. Étienne akamsikia akimwambia mtoto, "Baba anabakia kuchunga nyumba. Siye tunaenda kwa mujomba."

Mtumbwi ulipoachana na matete, matone ya kwanza yakaanza. Daniella aliinuka akaketi, akapunga mkono.

"Baba, ingia mu nyumba! Utaloa! Funga mulango!"

Étienne akaingia. Akauvuta mlango wa buluu na kutia komeo, ili mtoto aone baba yake yuko ndani. Akasimama nyuma ya mlango wake, unga ameukumbatia chini ya shati, mvua ikimwingia shingoni, na hakutoka hadi aliposhindwa kusikia kasia.