Ekicholong Yangu Mbele ya Bunge

Siku ya kwanza kazini nilichelewa. Nilikuwa nimetoka kwa shangazi Kakuma na lori la misheni, nalo likapasuka gurudumu mara mbili kabla ya Lodwar. Nikaingia Bunge la Wanafunzi mweupe kwa vumbi. Spika, ambaye ni mwalimu wetu wa historia, akaniuliza, "Mheshimiwa, umefufuka lini?"

Leo nimestaafu uongozi. Nina miaka kumi na saba na shingo inaniuma. Nyinyi wa Fomu One mmetaka kujua kazi ilivyokuwa, basi kaeni.

Nchi ina chama kimoja, lakini shuleni tunavyo viwili. Bweni ni wale wanaolala hapa, wengi wao watoto wa makarani waliohamishiwa Turkana. Kutwa ni sisi tunaotoka nyumbani. Nilianza kama mjumbe wa kawaida, ambaye kazi yake ni kupiga meza mwenzake akisema jambo zuri. Kutwa hatuna meza. Kila mtu huja na ekicholong yake, kile kigoda cha mti ambacho wazee wetu hawaendi popote bila kuwa nacho. Kwa hiyo nilipiga paja. Baadaye nikawa mnadhimu, yaani mtu wa kuwafuata wajumbe vichakani wakati wa kura. Kisha nikawa kiongozi wa chama.

Uchaguzi ukatoka viti tisa kwa tisa, na Spika hapigi kura. Wiki tatu hakuna hoja iliyopita. Ndipo Wafula, kiongozi wa Bweni, akaniita nyuma ya jikoni.

"Bwana, tuunde serikali ya mseto."

"Mseto si chakula?"

"Sasa unafikiri nimekuitia jikoni kwa nini?"

Tukapatana. Kutwa wangepata uji wa saa nne, ambao zamani ulikuwa wa Bweni peke yao. Msicheke uji. Wengi wetu tunafika hapa tumbo tupu, na muhula ule wawili walikuwa wameshaanguka paredi. Nasi kila asubuhi tungeleta madebe ya maji ya jikoni kutoka visima vya mchangani, mtoni Turkwel. Kutwa wakitoka serikalini, uji unakwisha siku hiyo hiyo.

Wafula akawa Waziri Mkuu, mimi Waziri wa Maji. Waziri wa Maji habebi maji, anayasimamia. Kanuni hiyo sikuitunga mimi, ingawa sikuipinga. Nikapewa kiti chenye mgongo, na ekicholong yangu nikampa naibu wangu, Ekai, anitunzie.

Mwezi haukuisha. Ekai akasimama katikati ya kikao, akakiweka kigoda changu sakafuni mbele ya wote.

"Ejok, Mheshimiwa," akanisalimu.

"Ejok."

"Hii kitu unaijua?"

"Ni ekicholong yangu."

"Ah, asante! Tulifikiri umesahau. Wewe unakaa kwa kiti ya Bweni, sisi shingo inaingia kifuani na debe. Waziri ya maji gani mkono mkavu hivi?"

Wajumbe wangu mwenyewe wakapiga mapaja. Ekai akatoa hoja ya kutokuwa na imani nami, na wengine wakapiga kelele, "Tutoke serikalini kabisa!" Wafula alikuwa anacheka kuliko wote. Hapo nikaogopa. Niliuona uji ukimwagika.

"Mheshimiwa Waziri, una la kujibu?" akauliza Spika.

Nilikuwa na kurasa nne za kujitetea. Nikazikunja.

"Mheshimiwa Spika, wamesema kweli. Najiuzulu. Lakini chama kisitoke. Nafasi yangu apewe Mheshimiwa Ekai, mkono wake ndio wenye maji."

Ekai akafungua mdomo akatae, lakini mapaja yalikuwa yameshaanza kulia. Mseto ukabaki, na uji pia.

Sasa nabeba debe kama watu. Saa nne nakunywa uji wenye moshi na madonge, na hakuna anayenishukuru. Nimechoka hata kukasirika. Ukiwa kwenye mseto, wapinzani wako wanakuchekea, wenzako ndio wanaokung'ata, na mara nyingi wana haki.

Neno moja tu la mstaafu: ukipewa kiti, kikalie, lakini ekicholong yako usimwachie naibu.

Ekai alibeba debe lake wiki mbili. Ya tatu akasema ana vikao. Jana amenipa kigoda chake nimtunzie.