Isuka ya Mama Ndahiro

Saidati hataki mchezo na majembe. Ndiye mtunza ghala la ushirika wetu wa wakulima wa karoti hapa Rubona, na ukimrudishia jembe lenye matope, anakurudisha nalo hadi ziwani ukalioshe. Ndani ya ghala kila jembe lina msumari wake, limepakwa oili chafu ya pikipiki, na mpini umekwanguliwa kwa kipande cha chupa mpaka hauchomi kiganja. Kinachomkera zaidi ni mtu kuloweka jembe lililolegea kwenye ndoo ili mti uvimbe.

"We unaozesha mupini!" anafoka, kisha anachonga kabari ya mkaratusi na kuigongomea mwenyewe.

Udongo wetu wa volkano una mawe yanayokula makali, lakini tupa yake hailali. Wapo wanaomwita Mama Majembe kwa kejeli. Waseme wachoke. Mimi jirani yake najidai kulima na vifaa vilivyopita mikononi mwake.

Mwaka jana mwanawe, Ndahiro, alikwenda kuposa kwa kina Igihozo, nyumba chache kutoka ghalani. Kwetu posa haikamiliki mpaka wazazi wa binti wakabidhiwe jembe. Kazi ya kulinunua alipewa Jean de Dieu, shemeji yake Saidati, mzaliwa wa Goma, ng'ambo ya mpaka, ambaye Kinyarwanda chake ni cha kuokoteza. Saidati alimpigia simu: "Shemeji, usisahau isuka." Ndivyo jembe linavyoitwa kwa Kinyarwanda.

"Bon, hakuna shida," akajibu.

Siku ya posa, mzee Bizumuremyi, msemaji wa upande wa binti, akadai isuka. Jean de Dieu akasimama kifua mbele, akafungua mfuko aliouvusha mpakani pa Grande Barrière, akatoa shuka la kitanda. Jipya, la maua mekundu na pindo za dhahabu.

Watu walivunjika mbavu. Bizumuremyi hakucheka.

"Mutoto wetu hatalima na shuka," akasema. "Kama isuka haiko, murudi kwenu. Tutaonana siku ingine."

Ndahiro akainamisha kichwa. Igihozo, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akarudi ndani. Roho iliniuma kwa ajili ya wale watoto.

Saidati akavua ufunguo wa ghala shingoni, ufunguo ambao hajawahi kumpa mtu, akautia mkononi mwangu. "Ile ya musumari wa mwisho," akaninong'oneza.

Nililijua. Ndilo jembe alilolimia mashamba ya watu baada ya kufiwa na mume, likamlisha na kumsomesha Ndahiro. Nilikimbia, nikalileta.

Bizumuremyi akaligeuza, akalitikisa. Mpini haukucheza hata kidogo. Chuma kilimetameta.

"Hii iko mupya?"

"Mupya kabisa!" Jean de Dieu akadakia. "Nimenunua Goma!"

Kwenye posa wasemaji ni wanaume. Kina mama tunakaa na kusikiliza. Saidati akasimama.

"Haiko mupya, mzee. Mi nimelima nayo tangu huyu Ndahiro iko mugongoni. Kama munataka mupya, mukatae."

Nilitamani kumvuta kitenge akae. Bizumuremyi akapitisha kidole kwenye makali, akakiondoa haraka. Damu kidogo. Akakitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

"Donc, tunapokea. Ila Igihozo, mutoto wangu, pole! Sahani zako zitakaguliwa!"

Vigelegele vikapasuka. Kabla ya kuliachia jembe lake, Saidati alifuta ile damu kwa pindo la kitenge, ili chuma kisishike kutu. Nilijivunia kuwa jirani yake, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Jean de Dieu, mwenye aibu zake, akataka angalau bibi harusi apewe shuka.

"Ngoja kwanza," Saidati akamwambia.

Wiki chache kabla ya harusi tulipita kwa kina Igihozo, eti kusalimu. Saidati hakuingia sebuleni. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma ya jiko. Igihozo alikuwa ametoka shambani, miguu bado ina udongo. Jembe lilikuwa msumarini, limeoshwa, limepakwa mafuta. Saidati akaligusa, akanusa kidole, akaaga.

Njiani akatoa simu.

"Shemeji," akasema, akitabasamu mpaka masikioni, "lete ile shuka. Mukwe nimepata."