Chombo Kitupu cha Mama

Mwaka nilioomba ufadhili wa kumalizia shahada ya uzamivu katika historia ya sanaa ndio mwaka ng'ombe wa nyumbani walipoanza kufa. Nimejaribu kuyasimulia mambo haya mawili mbalimbali nikashindwa.

Chuo kilikuwa kimenilipia miaka ya mwanzo kwa sababu nilifundisha madarasa yao. Mwaka wa kuandika hakuna anayekulipia, na hapo ndipo wengi wetu hufia njiani. Wenzangu wawili walirudi kufundisha sekondari, na tasnifu zao zimelala kabatini mpaka leo. Mimi nilipata taasisi moja ya ng'ambo iliyosaidia watafiti wa sanaa katika mwaka huo wa mwisho, nikaomba, nikafika kwenye mchujo wa mwisho.

Nilikuwa naandika juu ya vyombo vya maziwa wanavyosuka wanawake wa Kiorma, wafugaji wa kwetu. Wanasokota nyuzi za mizizi, wanazisuka kwa kuzibana mpaka chombo hakivuji hata tone. Nilihojiwa kwa mtandao pale Garsen, katika duka la kutoa nakala, feni ikipiga kelele juu yangu. Mzee mmoja kwenye kioo aliniuliza msanii ni nani. Nikamwambia ni bibi yangu, aliyemsukia mama chombo cha arusi. Akauliza kama bibi alikuwa na kazi nyingine zinazojulikana. Nikajibu kwamba zinajulikana na ndama wote wa ukoo wetu. Hakucheka, nikajua nimejiharibia.

Kumbe sikujiharibia. Waliandika kuwa wamependezwa, ila kabla ya kuamua walitaka kukiona chombo chenyewe. Hawakutaka cha kununua sokoni, walitaka kilichotumika katika nyumba, nao wangekiweka katika ukumbi wao wa maonyesho kwa mwaka mzima. Nilipanda gari kurudi nyumbani, nikidhani kazi imekwisha.

Mama alikataa kabla sijamaliza kusema. Kwetu chombo cha maziwa hakitoki nyumbani kitupu. Ukimpelekea jirani, unatia maziwa, hata kama ni funda moja, naye akikirudisha anatia chochote alicho nacho. Kukitoa kitupu ni kutangaza kwamba nyumba hii haitazamii tena ng'ombe. Yapo maneno ambayo mama hawezi kuyatamka, na hilo ni mojawapo.

"Basi tutie maziwa kidogo," nilisema.

"Yako wapi?"

Nikamwambia yapo ya unga, madukani Garsen yamejaa. Mama hajui Kiswahili kingi, tunazungumza Kiorma, lakini siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili ili jirani asiyejua Kiorma, aliyekuwa anapita, naye asikie: "Hayo ya unga ng'ombe yake nani anajua?" Jirani akacheka mpaka akashika mti. Nami nilicheka, ingawa nilikuwa na hasira. Nilikuwa na mwezi mmoja tu wa kukifikisha chombo Nairobi, kitumwe ng'ambo kwa ndege.

Nikabaki nyumbani nikingojea abadili nia. Kaka alikuwa ameshateremka na mifugo kuelekea Ozi, ambako ilisemekana majani bado yapo kando ya mto. Huko kuna mashamba ya watu, na mwaka wa ukame hakuna mkulima anayefurahi kuona kundi la ng'ombe likikaribia mpunga wake. Mwanzoni kaka alipiga simu kila baada ya siku chache. Kisha simu yake ikawa haipatikani. Wasafiri kutoka huko walituletea salamu za kila mtu isipokuwa zake, na tulipouliza walitazama chini wakaomba maji ya kunywa.

Barabara ya kuja kwetu ilinuka. Niliona fisi mchana kweupe, wamekaa kando ya mzoga, wameshiba hata hawakujisumbua kunikimbia. Hilo lilinitisha kuliko mizoga yenyewe.

Kila asubuhi mama alikifukiza chombo chake. Alitia vijinga vya mti wenye harufu nzuri, akakitikisa, akavikung'uta, akakifunika, kama afanyavyo mwanamke anayekwenda kukamua. Hakukuwa na wa kukamuliwa. Nilikaa mlangoni nikiandika, na nakiri nilisisimka: hakuna kitabu nilichosoma kilichoeleza jambo hilo. Ilikuwa sura nzima ya tasnifu. Niliandika kwa woga, na sikujua woga ule ni wa kumkosa kaka au wa kuukosa ufadhili.

Kisha nikaamka asubuhi moja bila kusikia harufu ya moshi.

Mama alikuwa ameketi nje, chombo kiko mapajani, amekipangusa vizuri. Akanipa kwa mikono miwili.

"Wapelekee watu wako."

Nilikipokea. Kilikuwa chepesi mno. Nikakifunua, nikachungulia, nikakitikisa kama mjinga.

"Mama, hamna kitu."

"Najua."

"Kaka amepiga simu?"

"Hajapiga."

Nilimwambia sikitaki, akirudishe ndani, ufadhili uende zake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Halafu akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza katika miaka yote ya masomo yangu.

"Hao wafadhili wanatoa kila mwezi?"

"Wanatoa."

"Kinachotoka kinatosha kuwalisha wa nyumba hii? Na watoto wa kaka yako?"

"Mama, hata sijapewa. Tupo wengi, kutoka nchi nyingi. Wanaweza kumchagua mwingine."

"Utapewa," alisema.

Hakusema kwa kunitia moyo. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuwatuma watoto wa kaka kuteka maji. Kisha akainuka, akaenda kwenye zizi, akashika tawi la miiba tulilokuwa tukifungia ng'ombe mlangoni, akaanza kulivuta ili tupate kuni za chai.