Kidonda Kidogo cha Kasiva

Kasiva wa kijiji cha Kalamba aliumwa mgongo mpaka akawa anatembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano chini. Wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu, walimchimbia matuta ya shamba lake msimu mzima bila yeye kushika jembe. Ndiyo desturi, mgonjwa hadaiwi jasho. Ukipita njia ya kisimani utayaona hayo matuta, yamenyooka vizuri kabisa.

Halafu akapasuliwa Nairobi. Daktari Muindi, kijana wa hukuhuku Makueni, alipitisha kamera nyembamba kwenye tundu dogo, akatoa kinyama kilichobana mshipa wa fahamu. Kasiva alirudi amesimama wima, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Wenzake walitaka kuona kidonda, wakaona kialama kama cha mwiba wa mgunga. Mbithe, mwenyekiti wao, hakugomba. Alimwambia Kasiva polepole tu, kwa jina la mwanawe, "Mama Kisilu, sisi tumepasuliwa kwa uzazi, visu tunavijua. Hapa umejikuna."

Neno likazunguka kwamba Kasiva alikuwa mvivu tu. Na kadiri alivyochimba kwa nguvu ili wamwamini, ndivyo walivyosema kumbe alikuwa mzima siku zote. Mtu wa huku akishaitwa mvivu wa mwethya, hata salamu hupewa nusu.

Aliporudi kliniki, daktari akamwomba ruhusa. Alitaka kuandika habari za mgongo wake katika jarida la madaktari, pamoja na picha, ili wenzake wa mbali wajifunze. Kasiva akafurahi. Sasa jina lake litapigwa chapa, Mbithe asome mwenyewe. Lakini daktari akamweleza kuwa jarida halitoi jina la mgonjwa. Ataitwa mwanamke mkulima, basi.

Kasiva akairudisha kalamu aliyopewa atie sahihi. "Mwanangu, kanisani kwetu ushuhuda usio na mwenyewe ni umbea."

Daktari alicheka, kisha akaona mama hatanii. Kasiva akamsimulia yote, mpaka lile la kujikuna.

"Mwaitu, mama yangu, siri ni yako, si yangu," daktari akasema. "Unaweza kumfungulia umtakaye."

Juma lililofuata akarudi na Mbithe. Muindi akawaonyesha picha ya kwanza, mshipa umebanwa kama kamba iliyokanyagwa na punda, kisha ya pili, mshipa umeachiliwa. Mbithe alitazama muda mrefu. Akauliza kama kweli hayo yote yalipitia kwenye kile kitundu. Akaambiwa ndiyo.

"Mama Kisilu," akasema, "nami nilikusema vibaya mbele za watu."

Kasiva akaichukua kalamu, akatia sahihi. "Huko ng'ambo niite mkulima yeyote," akamwambia daktari. "Kalamba watanijua."

Mwethya ulipofika shambani kwa Nzisa, mwenzao wa kikundi, Mbithe ndiye aliyesimulia, ameegemea jembe, akaongeza na damu nyingi ambayo haikuwako. Kasiva hakumsahihisha. Alikuwa mbele kwenye mstari, anachimba.